Ngosi, Daraja la Mungu na Matema kwa siku nne na IST: inawezekana, ila siyo kwa huo mpangilio

Dada mmoja wa Dodoma kaniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Mwezi wa nane tunakuja Mbeya, mimi na mume wangu, watoto wawili wa miaka 12 na 7, pamoja na mama mkwe, ana miaka 64 na goti linamsumbua kidogo. Tunafika Jumatano jioni, tunaondoka Jumatatu asubuhi, usafiri ni IST yetu wenyewe. Nimepanga tulale Mbeya mjini siku zote, tunatoka asubuhi tunarudi jioni: Alhamisi Kitulo, Ijumaa Ngosi na Daraja la Mungu, Jumamosi Mlima Rungwe, Jumapili Matema. Kwenye ramani naona kama vyote viko jirani tu. Unaonaje? Na kule Matema watoto kuogelea ni salama?"

Dada nzuri, karibuni sana kwetu. Sasa ramani imekudanganya, na wala usijisikie vibaya maana inawadanganya hata watu wa Mbeya wenyewe wakiwa na wageni. Kwenye simu unaona Ngosi hapo, Tukuyu hapo chini kidogo, Matema kidole kimoja tu, unasema aah hii si nusu saa nusu saa. Ramani haikuonyeshi kwamba hiyo barabara inapanda na kushuka. Mbeya mjini mko kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, mkitoka Uyole kuelekea Tukuyu mnapanda mpaka mnapita mita 2,000 na ushee, masikio yanaziba, alafu mnaanza kushuka, Tukuyu iko kwenye 1,500 hivi, mnashuka tena, mnashuka tena, mpaka Ziwa Nyasa ambalo liko chini ya mita 500. Yaani kwenye safari ya asubuhi moja mmetoka kwenye jaketi mmeingia kwenye singlendi. Na jioni mnatakiwa kupanda yote hiyo tena, gizani, na malori ya Malawi mbele yenu.

Kwa hiyo mi huwa nawaambia wageni, huku usipange kwa kilomita, panga kwa kimo. Chukulia ni nyumba ya ghorofa tatu. Juu kabisa kuna Kitulo, mlima Rungwe na ukingo wa Ngosi, huko ni baridi na ukungu. Katikati kuna Tukuyu na mito yake na maporomoko, kijani mwaka mzima, migomba na chai na parachichi. Chini ni Kyela na Matema, joto, mpunga, kokoa, mbu. Siku moja, ghorofa moja. Ukijaribu kufanya ghorofa mbili kwa siku moja na mtoto wa miaka 7 na mama mwenye goti, utakachokiona ni barabara tu na watoto kutapika kwenye kona.

Kitu cha pili kabla sijaingia kwenye siku zenyewe: saa. Ziwa Nyasa liko chini hapo linachemka na jua, hewa yenye unyevu inapanda kuja kugonga milima, Livingstone upande mmoja na Rungwe upande mwingine, ikipanda inapoa, ikipoa inakuwa wingu. Ndo maana Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, kuna miteremko inafikia milimita 3,000 kwa mwaka, nyie watu wa Dodoma hiyo mvua mnaipata kwa miaka mitano. Hata kiangazi cha mwezi wa nane ambapo mvua ni ya bahati mbaya, wingu bado linakuja, linaanza kujikusanya kuanzia saa tano saa sita hivi. Asubuhi saa moja mlima unauona wote kama picha, saa saba unaambiwa "mlima uko hapo" na unaonyeshwa blanketi jeupe. Kwa hiyo kila kitu cha ghorofa ya juu kifanyike asubuhi. Mkiamka saa mbili, mkanywa chai taratibu, mkatoka saa nne, basi bora mlale tu.

Haya, tukate vitu kwanza.

Kitulo toa. Najua umeona picha, kila mtu ameona picha, ile nyasi imejaa maua mpaka upeo wa macho, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, wengine Serengeti ya maua, na ni kweli kabisa siyo chumvi, ndo hifadhi ya taifa iliyotangazwa 2005 kwa ajili ya mimea hasa, kuna aina zaidi ya 350 za mimea na kwenye hizo okidi peke yake ni zaidi ya aina 40. Ila hiyo picha imepigwa wakati wa mvua! Maua ya Kitulo ni kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne. Mwezi wa nane utakuta nyasi kavu rangi ya simba, upepo, na asubuhi barafu nyembamba juu ya majani. Kwa mtu anayependa kutembea mahali pakubwa patupu ni pazuri hata hivyo, mi mwenyewe napapenda hivyo, na kuna ndege tandawala wanatembea kwa maringo kule kama wenye mali. Lakini mtoto aliyeahidiwa maua akikuta nyasi kavu, hiyo kesi utaisikiliza mpaka Dodoma. Alafu njia. Ukipitia Chimala kupanda Matamba unakutana na zile kona maarufu, wenyewe wanaziita hamsini na saba, ukipitia Isyonje ni vumbi na mashimo, na IST tumbo lake liko chini. Kitulo rudini mwezi wa kwanza au wa pili, mkodi gari iliyoinuka.

Nitoke nje ya mada kidogo hapa. Okidi za Kitulo karibu zingeisha kwa sababu ya kuliwa. Zile mbegu zake za chini, kama viazi vidogo, zinachimbwa zinasafirishwa Zambia, kule kuna chakula kinaitwa chikanda kinatengenezwa nazo, na biashara hiyo ni moja ya sababu za eneo kuwekwa hifadhi. Kwa hiyo mkienda siku hiyo msing'oe hata kimoja mkapande nyumbani, kwanza hakitaota.

Mlima Rungwe nao toa. Ni mita 2,960 hivi, kupanda na kushuka ni siku nzima ya watu wazima wenye miguu, njia ni msitu, mianzi, tope, alafu juu ni majani marefu, na lazima uwe na mwongozaji. Mume wako akitaka aende peke yake na nyie mpumzike, sawa, ila mtoto wa miaka 7 hapana. Msitu wenyewe una heshima yake lakini. Ndo huko watafiti walikomuona kipunji mwaka 2003, nyani mmoja ana nywele zimesimama kichwani kama kijana aliyenyoa kiduku, dunia ikatangaziwa 2005 kwamba ni aina mpya, na mwaka uliofuata wakamuwekea jenasi yake peke yake. Mpya kwa nani sasa, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote, hata hao watafiti walianza kumtafuta baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji, na jina kipunji ni la huku huku. Watoto wasimulie hiyo mkiwa njiani mnapita chini ya mlima, inatosha.

Sasa mpangilio wenyewe. Alhamisi Ngosi. Ijumaa mnahama hoteli, mnashuka kwa kupitia Daraja la Mungu, mnalala Matema. Jumamosi yote Matema. Jumapili mnapanda kurudi Mbeya taratibu. Ona nilivyofanya, Matema umepata usiku mbili badala ya saa mbili za mchana, na Jumamosi imeangukia pale, hiyo ina sababu yake ntaieleza.

Tuanze na Ngosi, wengine wanaandika Ngozi, ni hiyo hiyo. Ni ziwa la kreta, mlima wa volkano ulilipuka ukabomokea ndani, shimo likajaa maji, na watu wengi wanalitaja kama la pili kwa ukubwa Afrika kwa maziwa ya aina hiyo. Urefu kama kilomita 2 na nusu, upana kilomita 1 na nusu, kina kinapita mita 70, na limezungukwa na ukuta wa msitu mnene pande zote. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Wenyeji watawaambia lina umbo la ramani ya Afrika, na ukisimama sehemu yenyewe ukakunja jicho kidogo kweli unaiona, watoto wapeni kazi ya kutafuta Tanzania iko wapi. Na chini kule bado kuna moto, ndo maana serikali inachunguza jotoardhi hapo kwa ajili ya umeme.

Ondokeni Mbeya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Uyole kata kulia njia ya Tukuyu, mnaenda mpaka Isongole, mbao za kuelekeza zipo na hata kama hazipo bodaboda watawashika tu. Kutoka lami mpaka mnapoanzia kutembea ni kilomita kadhaa za njia ya udongo, mwezi wa nane IST inaweza kuingia kipande fulani kama dereva hana haraka, lakini mi ningeiacha Isongole sehemu salama, nichukue bodaboda au gari ya wenyeji ya juu, kuliko kusikia ile kraa chini ya injini. Mwongozaji chukueni pale pale kwa utaratibu wao, msijifanye wajuaji, njia za wakata kuni na wafugaji nyuki zinachanganyana na ukungu ukishuka kila mti unafanana na mwenzake.

Kutembea kwenyewe ni kama saa moja mpaka saa moja na nusu kwa mwendo wa mtoto. Mwanzo ni mwinuko wa kawaida tu, kivuli, migomba pori, mianzi, mbega wanaruka juu na mikia yao meupe kama wamefunga shuka, alafu kipande cha mwisho kinasimama, hapo mnashika mizizi na mikono. Tope lipo hata kiangazi sababu jua haliingii. Viatu viwe na meno, raba zile za chini laini za kupigia picha hapana, ukiteleza kule unakaa chini na heshima yote inaisha. Mkifika juu hamna tangazo, hamna geti, msitu unaisha ghafla na ziwa liko chini yako, mbali chini, kijani au bluu kutegemea wingu. Ukingo huo ni mwembamba na unaporomoka, mtoto wa miaka 7 ashikwe mkono muda wote mkiwa juu, narudia muda wote, siyo "njoo hapa wewe" huku unapiga selfi.

Kuna watu wanashuka mpaka majini. Ni mita zaidi ya 200 za kushuka kama unashuka ukutani, na kurudi ndo kilio chenyewe. Kwa familia yenu jibu ni hapana. Juu ndo pazuri, ziwa hili ni la kutazama, la kuoga lipo lingine.

Sasa mama. Goti linalosumbua kidogo kwenye tambarare, kwenye Ngosi linasumbua sana, na zaidi wakati wa kushuka, siyo kupanda. Mi nisingempeleka. Ila muulizeni mwenyewe kwa adabu, msimwamulie, kuna wamama wa miaka 64 huku wanabeba mkungu wa ndizi mgongoni kilima kizima na wananipita mimi. Akisema haendi, apumzike Mbeya siku hiyo, jua la asubuhi, chai, atulie baada ya safari ndefu ya Jumatano. Msimuache kwenye gari Isongole akiwasubiri masaa manne, pale ni baridi vibaya mno, na baridi ya mwezi wa nane asubuhi inafika nyuzi chini ya kumi.

Mkitoka Ngosi saa sita saba hivi mmemaliza, msiongeze kitu. Soko la barabarani njia hiyo lina viazi, karoti, kabichi, parachichi za kushiba, kulingana na msimu. Nunueni mrudi mkalale.

Ijumaa sasa ndo siku ya mama. Daraja la Mungu hamna kupanda. Mnaacha barabara kuu kabla hamjafika Tukuyu, mnakata upande wa magharibi, mnaenda mpaka mto Kiwira. Ni jiwe la volkano lililokaa juu ya mto kama daraja, halikujengwa na mtu, lava ilipita hapo ikaganda, mto ukaendelea kupita chini yake na kula jiwe mpaka likabaki tao. Wengine wakifika wanasema mbona dogo, nadhani walitegemea daraja la Kigongo-Busisi la kule Mwanza. Kaeni, shukeni upande wa chini kidogo muone tao lenyewe kutokea mtoni, hapo ndo utaelewa jina limetoka wapi.

Mbele yake kuna Kijungu, na kwangu mimi Kijungu inaishinda Daraja. Mto mzima unaingia kwenye shimo la mwamba la duara kama chungu, maji yanazunguka humo, yanapotea chini ya jiwe, yanatokea mbele kama hamna kilichotokea. Eneo hilo liko ndani ya chuo cha magereza cha Kiwira, kwa hiyo mnaripoti getini, mnaeleza mmekuja kutembea, mnafuata wanachosema, na kamera msielekeze kwenye majengo wala kwa watu waliovaa sare. Pale mwamba umesuguliwa na maji miaka mingi, unang'aa na unateleza kama sabuni. Aliyeingia kwenye kile chungu hatoki akiwa hai, na sisemi hivyo kukutisha, ndo jiografia ya pale. Watoto mita kadhaa nyuma, mkubwa mmoja kila mtoto, mama akae kwenye jiwe kavu aangalie kwa mbali.

Alafu mnashuka. Kutoka Tukuyu kwenda chini dereva asikae na mguu kwenye breki njia nzima, breki za gari ndogo iliyojaa watu watano na mizigo zinachemka zinaanza kunuka, ukishasikia ile harufu umeshachelewa. IST ni otomatiki, shusha gia iende L au S kulingana na ilivyo, injini iishike gari, breki iwe ya kugusa. Na vijiji ni 50, siyo 55, trafiki wa huku wana subira ya wavuvi. Kwenye njia ya kwenda Kyela mtaikuta njiapanda ya Ipinda na Matema pale Kikusya, ni lami mpaka Matema, zamani ilikuwa mateso, saivi IST inaingia bila shida. Kuna njia nyingine ya mkato kutokea Tukuyu kupitia Masoko, inavutia kwenye ramani, ni udongo na mawe, achaneni nayo kwa gari hiyo.

Mkianza kuona mashamba ya mpunga na michikichi, na milima ya Livingstone imesimama kama ukuta upande wa mashariki, fungueni vioo, mmefika ghorofa ya chini.

Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya Ziwa Nyasa, pale milima inapoingia majini. Mchanga, miembe, maji mpaka macho yanaishia, na ziwa lenyewe kina chake kikubwa kinafika mita 706. Samaki wa humo aina zake zinapita 600, wengi hawapo popote duniani, wale wadogo wa rangi wanaokaa mawe wanaitwa mbuna, na mtoto wa miaka 12 akiwa na miwani ya kuogelea tu ataona vitu kwenye mawe ya upande wa milimani ambavyo hatasahau. Mezani ni mbasa na usipa, pamoja na mchele wa Kyela ambao sihitaji kuusifia, harufu itafika kabla ya sahani.

Swali lako la kuogelea. Jibu ni ndiyo, kwa masharti manne, na naomba usome yote.

La kwanza ni upepo. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane hivi kuna upepo wa kusini, mwera, na hili ziwa limelala kaskazini kusini zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo upepo unasukuma maji kutoka mbali huko mpaka yanakuja kugonga pale pale mtakapokuwa mmetandika kanga. Asubuhi ziwa ni kioo. Saa nane mchana kuna mawimbi ya kumuangusha mtu mzima. Watoto waoge saa mbili mpaka saa tano, mchana mchanga na kivuli. Na mkitaka mtumbwi iwe asubuhi, jaketi okozi kila mtu, mwenye mtumbwi akisema hana basi hamna safari, hata kama amekupunguzia bei, hata kama anasema ye amezaliwa majini.

La pili mamba. Ufukwe wa mbele ya hoteli watu wanaoga kila siku, ila midomo ya mito ni habari nyingine, maji machafu machafu yenye matete ndo nyumbani kwao, na viboko pia. Msitembee kuelekea mlango wa mto kwa ajili ya picha ya machweo. Kila mkitaka kuingia majini mahali papya ulizeni kwanza mwenyeji, tena siyo mtoto, mvuvi.

La tatu kichocho. Konokono wanaobeba hivyo vijidudu wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo mchanga wazi wenye mawimbi hatari yake ni ndogo lakini siyo sifuri. Jifuteni vizuri mkitoka, msikae majini masaa, na baada ya wiki sita mpaka nane mkiwa Dodoma nendeni mkapime familia nzima, dawa ipo, praziquantel, ni ya kawaida tu. Watu wanafanya makosa mawili hapa, mmoja anaogopa hataki hata kunawa mguu, mwingine anapuuza alafu mwaka unaisha mtoto anakojoa damu hajui ilitoka wapi. Kapimeni, basi.

La nne ni mbu, siyo maji. Nyie mmetoka Mbeya kwenye baridi mmesahau mbu, Kyela malaria ipo kweli kweli. Chandarua hakikisheni hakijatoboka kabla hamjalipia chumba, jioni nguo ndefu na mafuta ya kufukuza mbu. Mtoto akipata homa wiki moja au mbili baada ya kurudi, mwambieni daktari mlikuwa Kyela.

Jumamosi sasa, hii ndo sababu yangu. Ng'ambo kidogo ya Matema, kwa kufuata ufuo chini ya milima, kuna kijiji kinaitwa Ikombe, wanawake wa Kikisi wa kule wanafinyanga vyungu, bila mashine ya kuzungusha, mkono tu na udongo na jicho, vyungu hivyo vyembamba na vimepakwa rangi ya udongo mwekundu, vinauzwa mpaka Mbeya na zaidi. Siku ya Jumamosi vinaletwa kwa mitumbwi sokoni Lyulilo, ni kutembea tu kutoka Matema, tambarare, mama anaenda na goti lake bila shida. Fikeni mapema muone mitumbwi inavyoingia imepangwa vyungu mpaka juu, sijui kwa nini havianguki. Kujadili bei ni ruhusa ila msibane sana, chungu kimoja kina kazi ya siku kadhaa na safari ya ziwani ndani yake. Kabla ya kupiga picha omba. Salimia kwa Kinyakyusa, "ugonile", ukipewa kitu sema "ndaga", utaona bei inavyolainika yenyewe.

Jumapili mrudi. Tokeni asubuhi baada ya watoto kuoga mara ya mwisho, saa tatu au nne, ili mfike juu bado mchana, maana ule ukungu wa kati ya Tukuyu na Uyole jioni unaweza usione boneti. Mkiwa na nguvu kuna maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, maji yanadondoka kama mita 40 na nyuma yake kuna pango mnaweza kusimama mkaangalia dunia kupitia maji, ndani kuna ukuta wa kujengwa, wanasema Wajerumani walijificha humo wakati wa vita ya kwanza. Ila ni njia ya udongo na ngazi za kushuka, kwa hiyo mama abaki juu na mmoja wenu, na kama mnaona mmechoka rukeni bila majuto. Ziwa dogo la Kisiba kule Masoko nalo lina hadithi ya Wajerumani kutupa hela zao majini, watoto wa kijijini zamani walikuwa wanawauzia wageni heller za kijerumani zilizookotwa ufukweni, lakini nimeshasema ile njia na IST yenu hawaelewani.

Vibali fupi fupi tu. Ngosi na misitu ya Rungwe iko chini ya serikali, kuna kiingilio, mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, na malipo siku hizi ni kwa kontroo namba siyo kumpa mtu mkononi, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA na simu iwe na salio la kulipia. Mwongozaji yeye mnampa pesa taslimu, chenji ndogo ndogo zitafutwe Mbeya mjini. Matema msitegemee mashine ya kutolea hela. Na nguo mpange mabegi mawili tofauti, moja la baridi moja la ziwani, kuliko kuanza kufukua begi moja kubwa kila mkibadilisha ghorofa.

Chungu mkinunua Lyulilo msikiweke kwenye buti hata mkikizungushia mataulo. Kikae mapajani kwa mama siti ya mbele, ye ndo hataki kutingishwa kwa hiyo dereva ataendesha kwa adabu, goti litapona na chungu kitafika. Mi vyangu vitatu vimefia kona za kupandisha Tukuyu.